Mwarimu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo ng'ambo ya ziwa haikuwepo. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, moshi wa mashamba yaliyochomwa umechanganyika na vumbi la njia, na milima ya Kongo, ambayo siku nyingine unaiona ukadhani ukiita itakuitikia, ilikuwa imefutika kabisa. Maji yalikwenda, yakaenda, yakawa anga. Nilisimama hapa juu, karibu na pale unapoegesha pikipiki yako, nimeshika kamusi ya kuazima mkononi, na moyoni nimeshaamua kuacha chuo.

Kaa kwanza, Elia. Najua umekuja na haraka, na najua umekuja kunionyesha ujumbe wa Devota, mwanachuo wako. Nimeusoma. "Niko salama mwalimu, naenda nyumbani kusalimia kidogo." Umeuamini, nami sikulaumu, maana umeandikwa vizuri. Lakini msimamizi wa bweni ameniambia binti huyo ametoka na godoro lake. Mtu anayekwenda kusalimia habebi godoro, mwanangu. Huyo anaacha chuo, na ukimwacha apande boti, humwoni tena darasani. Boti za Mwamgongo, kijijini kwao, haziondoki ufukweni Kibirizi mpaka zijae watu na mizigo, na asubuhi bado ni changa. Muda wa kukusimulia upo, na muda wa wewe kushuka upo.

Nilikuwa mwanachuo hapahapa. Nilitoka Simbo, ambako si mbali, wewe mwenyewe umepita mara nyingi bila hata kupunguza mwendo. Lakini kwetu tulizungumza Kiha tangu kuamka mpaka kulala, na Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya zahanati na ya sokoni Mwanga. Ulimi uliokulia kwenye Kiha, ukikutana na L njiani, huisukuma pembeni ukaiweka R. Kulala kwetu ni kurara, kulima ni kurima. Nyumbani hakuna aliyeona kosa, kwa sababu sote tulirara na sote tulirima, na mihogo iliota vilevile.

Chuoni mambo yakawa mengine. Mwanzoni tulifundishana sisi kwa sisi, mmoja anasimama mbele akijifanya mwalimu, wengine wanajifanya watoto wa darasa la tatu. Zamu yangu ilipofika nilivaa sketi niliyoinyoosha kwa pasi ya mkaa, nikaandika tarehe ubaoni kwa mwandiko niliouonea fahari, nikageuka nikasema, "Watoto, reo tutajifunza mirima na maziwa." Darasa likaanguka kwa kicheko. Hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa Waha wenzangu ambao ulimi ulikuwa umeshanyooka kidogo, na nadhani walifurahi kwamba safari hii si wao. Tangu siku hiyo nikaitwa Reo. Bukuru, jina nililopewa kwa kumtangulia pacha wangu kuzaliwa, likabaki kwenye vyeti.

Mwanangu, anayechekwa ulimi hujifunza ujanja. Nilianza kuchagua maneno. Nikiulizwa habari sikujibu "salama", nilijibu "nzuri". Sikusema "leo", nilisema "siku hii". Nikitaka kulala niliaga kwamba naenda kupumzika, mpaka wenzangu wa bwenini wakaniona mtu wa maneno ya kizungu. Neno lililonitesa kuliko yote lilikuwa lile lililotuleta chuoni. Nilikuwa nasomea ualimu na sikuweza kusema "mwalimu". Wakufunzi wa kiume nikawaita Mzee, wa kike nikawaita Mama, na wao wakanisifu kwa adabu. Hata jina lako wewe, Elia, lingenitoa jasho.

Na mkufunzi akiuliza, "Mmeelewa?", darasa zima likajibu, "Tumeelewa," mimi nilichezesha midomo tu. Fungua, funga, sauti hamna. Nikiwa sijaelewa sikuuliza, maana swali lina maneno mengi, na katika maneno mengi herufi ile haikosekani. Wanasema kuuliza si ujinga. Kwangu kuuliza kulikuwa kuwapa watu kicheko cha bure, basi nikakaa na ujinga wangu tukazoeana. Nilisikia ile methali, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nikadhani wahenga walikaa kikao kwa ajili yangu. Nilikuwa na huzuni sana siku hizo, na hakuna aliyejua.

Kisha ikatangazwa kwamba tunakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Mimi nilipangiwa shule moja kule Mwanga, na somo nililopewa, Mungu naye ana utani wake, likawa Kiswahili. Nikaanza kuwaona wale watoto katika usingizi. Walikaa kwenye madawati, wametulia, wananisubiri nifungue mdomo, na mimi katika ndoto hiyo sikuwa na ulimi kabisa, nilikuwa na chaki tu. Niliamka nikafunga godoro langu kwa kamba ya katani. Sasa unaelewa kwa nini habari ya godoro la Devota imenichoma.

Kilichobaki kilikuwa kurudisha kamusi. Ilikuwa ya Bi Zaina, mkufunzi wetu wa Kiswahili, mama mtu mzima wa Ujiji, mrefu, wa sauti ya chini, ambaye hukumsikia akiita mtu kwa mbali. Alikuwa na tabia ya kufika mapema na kukaa barazani mwa ofisi akitazama ziwa, hata siku ambazo ziwa halikuwa na cha kutazamwa. Nilipanga kumpa kamusi yake kwa mikono miwili, nimsalimie haraka haraka, nishukuru, nishuke zangu nyumbani. Kuaga sikutaka, kwa sababu kuaga kuna maneno.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akaweka miwani chini, akapiga viganja vyake polepole kama wafanyavyo mama zetu wa Simbo, akasema, "Mwakeye."

Mama wa Ujiji huyo, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, ananisalimu Kiha. Mikono yangu ikaitika yenyewe, nikapiga viganja nami, nikajibu, "Mwakeye." Na wewe unajua, salamu ya kwetu ukishaifungua huwezi kuikatisha njiani. Akaanza kuniuliza, sasa kwa Kiswahili. Nyumbani? Nikasema wazima. Mama? Mzima. Pacha wako, Butoyi? Tunashukuru. Mihogo? Imestawi. Akauliza mvua za mwaka uliopita, akauliza kisima, akauliza yule mbuzi wa mama niliyewahi kumwandika katika insha. Nzuri, njema, tunashukuru, hajambo. Alikuwa hana haraka yoyote. Chini kule boti ilipita ndani ya ukungu, tukasikia injini yake tusiione, ikaja, ikapita, ikapotea, naye bado ananiuliza. Nilisimama pale nikahisi kana kwamba asubuhi ile haina mwisho, na kwamba nitazeeka barazani na kamusi mkononi.

Mwishowe akaniangalia. "Bukuru," akasema, "tangu umekuja hapa sijawahi kusikia 'salama' kinywani mwako. Nimezunguka kwenu kote, mpaka kwa mbuzi. Huko Simbo hakuna hata mmoja aliye salama?"

Nilitaka kucheka, kikaja kilio. Na katika kulia sikukumbuka kuchagua maneno. "Sarama, mwarimu," nikasema. "Ira..."

"Naam, mwanangu," akasema.

Aliitika hivyo tu. Hakutabasamu, hakunipa neno sahihi, hakuangalia kama kuna anayesikia. Aliitika kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Nami nikamwaga yote. "Ira siwezi tena, mwarimu. Kira nikifungua mdomo wanacheka. Na watoto wa Mwanga watacheka zaidi. Nimefunga godoro, narudi nyumbani nikarime na mama."

Alinisikiliza mpaka nikaisha. Kisha akanigombeza, na kugombeza kwake kulikuwa hivi: "Yaani muda wote huu umekaa ukichagua maneno yasiyo na herufi hiyo kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele? Akili uliyoitumia kukwepa, ungeitumia kuuliza, saa hizi ungekuwa unatufundisha sisi." Nikainama. Akaendelea kwa sauti ileile ya chini. Bibi yake yeye, akasema, alivuka ziwa hili kutoka Manyema akiwa hana hata neno moja la Kiswahili. Alilisema la kwanza akalikosea, Ujiji ikamwitikia. "Kiswahili hiki unachokiogopa," akasema, "huku kwetu kililetwa na watu waliokikosea. Umeniita, nimeitika. Basi neno limefika lilikotumwa. Kulinyoosha ni kazi ya kesho."

Kisha akanifundisha jambo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha saikolojia ya elimu, na nimevisoma vingi. Akasema mtu wa kwetu hakupi ukweli mlangoni. Hata aliyefiwa, ukimuuliza habari, huanza na nzuri, huanza na salama, kwa sababu hiyo ndiyo heshima. Ukweli wake unakuja nyuma ya "ila". Salama, ila mtoto ana homa. Salama, ila mzee hatunaye. "Na 'Tumeelewa' ya darasani," akasema, "ni salamu tu, Bukuru. Mwalimu mvivu huichukua kama jibu, akafunga kitabu. Mimi nilikuwa nakutazama midomo. Nikawa nangoja ila yako, nayo ikachelewa mpaka nikaogopa."

Nilifungua godoro, mwanangu.

Kulinyoosha neno tulilinyoosha kweli, usije ukadhani aliniacha hivyohivyo. Bi Zaina alikuwa mkali wa lugha. Kila jioni alinisomesha kwa sauti, akinikumbusha niuache ulimi ukae nyuma ya meno ya juu, utulie pale, usitetemeke. Nilikuwa nashuka ufukweni, mahali wanawake wanapoanika dagaa, nikitembea na kusema peke yangu lala, lima, leo, lini. Wanawake wale walidhani nina mchumba aliyenikosea ahadi, na mmoja akanifariji sana. Polepole herufi ikaja. Haikuja yote. Hata leo, uzee huu, nikichoka au moyo ukinijaa, hunitoroka, na wanachuo wangu wakiisikia wanajua siku hiyo si ya mchezo.

Na kule Mwanga? Niliingia darasani, nikaandika tarehe, nikageuka, na kwa woga ikanitoka ileile, "Watoto, reo." Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Mtoto mmoja wa dawati la mbele alimgeukia mwenziwe akamwambia, kwa sauti ambayo alidhani ni ya kunong'ona, "Mwarimu huyu ni wa kwetu." Wakakaa vizuri. Nilifundisha siku hiyo kwa furaha ambayo sijapata kuieleza vizuri kwa mtu yeyote, nami nimebaki katika kazi hii mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Sasa nije kwako, Elia, na kwa mashine yako.

Mimi si katika wale wa rika langu wanaolaani simu. Wao huniambia usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nawajibu kwamba msala huu nimeukalia na nimeuona laini. Maandishi yaliyonishinda kwenye karatasi nayakuza kwa vidole viwili nikayasoma. Mvua zikiharibu njia, mwanachuo aliyekwama kijijini anasikia somo akiwa jikoni kwao. Hayo ni makubwa, nami namshukuru Mungu kuyaona. Na ulipoleta ile programu ya kusoma kwa sauti, mwanachuo anasoma, simu inaandika inachosikia, kisha inampa alama, nilikuwa wa kwanza kukupongeza, nawe wajua sikukupongeza kwa mdomo tu.

Lakini niliijaribu mwenyewe, sikukwambia. Nilijifungia ofisini nikaisomea aya kwa ulimi wa mama yangu. Nilisema kurima, ikaandika "Karima". Nikajiuliza huyo Karima ni nani na kaingiaje shambani kwetu. Nilicheka sana. Kisha ikanipaka nyekundu ukurasa mzima, na kicheko kikaniisha. Mimi mwalimu wa walimu, nimekaa na simu mkononi, nikaona aibu ya msichana wa Simbo. Nilikuwa peke yangu chumbani na bado niliona aibu.

Devota alisomea simu hiyo, akapata nyekundu. Wewe ukaweka matokeo kwenye kundi la darasa ili watu wajipime, hukuwa na nia mbaya. Pengine kuna aliyecheka kwa vikatuni vile vyenye machozi ya kicheko. Baada ya hapo hakutuma sauti tena. Ukiuliza kwenye kundi, "Mmeelewa?", yeye anatuma dole gumba. Uliniambia mwenyewe, kwa kujivunia, kwamba Devota ni wa kwanza siku zote kutuma dole gumba. Mwanangu, dole gumba lile ndilo midomo yangu mitupu. Fungua, funga, sauti hamna. Na ujumbe wake huu wa leo, tazama, "mwalimu" ameiandika kwa L, nzuri kabisa. Kwenye maandishi hata mimi sikuwa na lafudhi. Simu imekuletea salama yake. Ila yake imebaki naye, imekaa juu ya godoro kule Kibirizi inangoja watu wajae.

Ningeweza kumpigia mimi. Namba ninayo, na boti hizi nimezijua kabla wewe hujazaliwa. Lakini aliyemuuliza "Mmeelewa?" ni wewe, na aibu yake iko mbele yako, si mbele yangu. Mimi akiniambia, atapata wa kumfuta machozi. Wewe akikwambia, atapata mwalimu. Kwa hiyo nimeinyamazia simu yangu tangu alfajiri nikikungoja uje, na kusema kweli nilianza kuogopa kwamba huji.

Basi nasaha yangu ni hii, ichukue hata kama mengine umeyasinzia. Fundisha kwa chombo chochote watakachokileta, cha leo na cha kesho, kwa kuwa anayekataa kujifunza hafai kufundisha. Lakini usikiruhusu chombo kikupokelee salamu. Mwanafunzi akikwambia ameelewa, jua amekusalimu tu. Muulize nyumbani, muulize mama, muulize mvua na mbuzi ikibidi, kaa naye mpaka salamu zimwishie na aone kwamba bado upo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini wahenga hawakusema ni nani alitakiwa kumngoja mgonjwa aseme. Ni sisi. Tunalipwa kwa hilo kuliko kwa chaki. Na ile herufi, isahihishe, usiwe mwalimu wa kuhurumia makosa. Isahihishe kesho, na keshokutwa, na kila jioni mpaka inyooke. Siku anapokuita kwa mara ya kwanza, akakuita "mwarimu", itika kwanza.

Nyanyuka sasa. Usimpigie simu, shuka mwenyewe. Pitia njia ya Mwanga, ni fupi. Ukimkuta, usimuulize kwa nini anaondoka. Piga viganja, useme mwakeye, uone kama mikono yake haitaitika. Ukungu wa leo nao umeanza kupungua, naona milima kidogo kule ng'ambo, au labda ni macho yangu na kumbukumbu zangu zimenichorea.

Nenda, mwanangu. Mungu akubariki masikio kabla ya ulimi, akupe subira ya Bi Zaina, akupe wanafunzi watakaokuita mpaka uzeeke. Akutangulie njiani, na boti ya reo ichelewe.